Haki ya Mgunduzi na Kihenge cha Mkulima

Mvua za Novemba zinapokaribia, mfuko wa mahindi chotara katika maduka ya pembejeo ya Mbeya na Iringa humpata mnunuzi yule yule wa mwaka jana, ilhali mbegu ya maharage aghalabu hutoka kihengeni, kwa jirani, au gulioni; na tofauti hiyo, ambayo mgeni aweza kuidhania kuwa ni mazoea tu, ndiyo asili ya tijara nzima ya mbegu katika Nyanda za Juu Kusini. Hindi chotara likirudishwa shambani msimu wa pili hupungukiwa na nguvu, na uzao wake huwa mchanganyiko, hata mkulima akarejea dukani pasipo kushurutishwa na hakimu. Walakini harage hujichavusha lenyewe, na aliyelinunua mara moja ana mbegu ya kumtosha misimu kadhaa, na ya kumgawia shemejiye pia.

Ndiyo sababu makampuni hukimbilia mahindi, na maharage yakabaki dhamana ya serikali: aina kama Uyole 96 na Njano Uyole zimetoka katika kituo cha utafiti cha Uyole, kilichostawishwa kwa fedha za umma na msaada wa nchi za kaskazini mwa Ulaya.

Pale maumbile yasipomlinda mgunduzi, kama kwa harage, huingia sheria: ile ya Tanzania ya mwaka 2012, iliyotufungulia mlango wa kuingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, Novemba 2015, humpa mgunduzi wa aina mpya ya mmea haki ya peke yake kwa miaka 20, na 25 kwa miti. Sikatai kwamba mgunduzi astahili ujira, kwani kazi yake ni ya miaka mingi na hasara zake ni nyingi. Lakini hakuanza mikono mitupu, maana aina za asili, zilizochaguliwa na kutunzwa na bibi zetu kizazi baada ya kizazi, ndizo rasilimali ya kila mtafiti. Kupanda kwa chakula cha nyumbani sheria haikugusi. Mzozo ni juu ya debe linalouzwa au kubadilishwa.

Baina ya haki ya mgunduzi na kihenge cha mkulima ipo mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora, ambayo mkulima mdogo huizalisha kutokana na mbegu iliyothibitishwa, akakaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, kisha akaiuza kwa majirani zake. Kwa maharage, njia hiyo yanipendeza kuliko zote, na laiti wakaguzi wangefika Kilolo na Mbozi kabla maua hayajapukutika.