Jicho Lililoumia Zamani

Ukimwona kijana ambaye mboni ya jicho lake moja imekuwa nyeupe, utasema nini? Mmoja husema, "Huo ni ugonjwa wa wazee." Mwingine husema, "Amerogwa." Lakini mganga wa hospitali atauliza hivi: "Je, jicho hili lilipigwa zamani?"

Mtu hupasua kuni, huvunja kokoto au hugonga chuma kwa nyundo. Kipande huruka, kikampiga jichoni. Maumivu hupoa, naye husahau. Kumbe ndani jicho limeharibika! Basi, jifunze mambo haya:

1. Kioo kidogo kilicho nyuma ya mboni chaweza kugeuka cheupe baada ya miezi au miaka. Hufanana na mtoto wa jicho wa wazee, lakini huwa katika jicho lililopigwa tu.

2. Njia ya maji ya ndani ya jicho ikiumia, presha ya jicho yaweza kupanda hata miaka 10 baadaye. Mara nyingi haiumi, bali hupunguza kuona polepole.

3. Mboni yaweza kubaki imepanuka, watu wakadhani ni ugonjwa wa ubongo.

4. Kipande cha chuma kikibaki ndani hushika kutu, na kutu ni sumu ya jicho. Mgonjwa aweza kushindwa kuona usiku, kama mtoto aliyekosa vitamini A.

Tena, jicho lililotobolewa laweza kuleta ugonjwa katika jicho zima. Louis Braille wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809, alijichoma jicho moja akiwa na miaka 3, kwa chombo cha baba yake cha kutobolea ngozi. Baadaye akapofuka macho yote mawili. Ndiye aliyetunga maandishi ya vipofu.

Kwa hiyo ukienda hospitali, usifiche habari ya pigo la zamani, hata kama lilikupata utotoni. Mwombe mganga apime presha ya jicho. Kuona kulikopotea kwa presha hakurudi, lakini dawa yaweza kulinda kulikobaki.

Na ukiumia leo, usisugue jicho, wala usitie maji ya majani. Lifunike bila kulibana, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Wanafunzi walipomwona kipofu, walimwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi. Yeye hakumlaumu mtu. Nasi tusiulize ni nani aliyeroga. Tuulize ni nini kilichopiga jicho.