Sensa Iliyosema Kweli

Alfajiri, magunia ya omena yakishapakiwa, Probox yangu ya mwaka 2006 hutoka ufuoni Rusinga kwenda Mbita. Mwaka jana ilianza kutetemeka kila nikisimama. Taa ya injini ikawaka. Ajabu ni kwamba nikivuka daraja kwa mwendo, ilikuwa shwari kabisa.

Fundi wa kwanza alisoma msimbo P0171, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Nilitoa pesa za chama, nikanunua nyingine. Siku ya tatu taa ikawaka tena. Iliniuma, kwa sababu ile sensa ya zamani ilikuwa nzima. Ilisema kweli, nasi tukaing'oa.

Injini ya petroli hutaka gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Kompyuta hupima hewa inayopita karibu na chujio, inatoa mafuta ya kulingana nayo, halafu inangoja sensa iliyo kwenye ekzosi ilete majibu. Oksijeni ikizidi kwenye moshi, inaongeza petroli, ikipungua, inapunguza. Ndivyo tusongavyo ugali: ukiona mlaini, unatia unga. Kipimo hicho cha kuongeza na kupunguza mafundi hukiita fyueli trimu, nacho huandikwa kwa asilimia. Ziko namba mbili. Ya muda mfupi hurukaruka kila sekunde. Ya muda mrefu ni kumbukumbu, kama mpishi aliyekwisha kuizoea sufuria yake.

Kwa hiyo P0171 inasema tu kwamba kompyuta imeongeza petroli mpaka ikafika ukomo. Haitaji kipuri chochote.

Nilimpata mzee mmoja wa gereji pale Mbita. Kidude changu cha kuunganisha na simu kilishindwa kuongea na gari, maana magari mengi ya zamani ya soko la Japani yana lugha yao. Mashine yake iliweza.

"Mama, achana na taa. Tazama namba."

Injini ikiwa moto, gari limesimama: ya muda mrefu +19, ya muda mfupi +6. Jumla 25. Ingekuwa ndani ya 10, juu au chini ya sifuri, gari la umri huo lisingekuwa na neno.

"Sasa kanyaga polepole mpaka mizunguko 2,500, ushikilie hapo."

Jumla ikashuka hadi +4. Akazima injini, akachukua tochi.

Namba inayoshuka ukikanyaga ni ya hewa inayopenya mahali ambapo haikupimwa. Gari likisimama, injini huvuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi ni sehemu kubwa. Ukikanyaga, inamezwa na hewa nyingi iliyopimwa. Ingekuwa kinyume, namba nzuri gari likisimama na kupanda likilemewa mlimani, angeanza na pampu, chujio la petroli, au sensa ya hewa iliyoshika uchafu, na vumbi la barabara zetu mnalijua. Namba ikienda chini sana ya sifuri, petroli imezidi: huenda injekta inavuja. Ufa kwenye ekzosi kabla ya sensa nao huvuta hewa ya nje na kuidanganya kompyuta, kwa hiyo asubuhi, injini ikiwa baridi, sikiliza kama ekzosi inavuja.

Aliwasha injini tena, akapulizia karbkilina, dawa ya kusafishia kabureta, kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi ya hewa. Dawa hiyo hushika moto. Nawasihi msiipulizie karibu na ekzosi yenye joto. Alipofika kwenye mpira unaorudisha mvuke wa injini ndani ya manifoldi, mlio wa injini ukabadilika. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, jicho halioni. Niliupata ufa kwa ukucha.

Mpira mpya ulinigharimu shilingi 300. Alifuta kumbukumbu ya kompyuta, tukaendesha mpaka Kasawanga, kwenye kaburi la Tom Mboya, tukarudi. Ya muda mrefu +2, ya muda mfupi -1. Sensa ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa, ipo chini ya kiti changu.