Ghuba Moja, Wageni Wawili: Mustakabali wa Ushirika wa Kenya na Marekani

Kililana, upande wa bara wa Lamu, ndiko ziliko gati 3 za bandari mpya. Zilijengwa na kampuni ya China, na ya kwanza ilifunguliwa Mei 20, 2021. Kwenye Ghuba ya Manda hiyo hiyo, huko Magogoni, kipo kituo cha jeshi la wanamaji la Kenya na kambi ya Simba inayotumiwa na Wamarekani. Januari 5, 2020, wapiganaji wa al-Shabaab waliivamia kambi hiyo. Mwanajeshi mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili waliuawa, na ndege kuteketezwa.

Urafiki wa Kenya na Marekani si wa jana. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliwaruhusu Wamarekani kutumia bandari na viwanja vya ndege vya Kenya. Septemba 2023 nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano ya ulinzi ya miaka 5. Juni 24, 2024, Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi ya mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO. Jina ni zito kuliko yaliyomo. Hadhi hiyo hurahisisha kupata silaha, mikopo na mafunzo, lakini haiilazimishi Marekani kuitetea Kenya ikishambuliwa.

Siku iliyofuata, Juni 25, polisi waliwapiga risasi vijana walioandamana hadi Bungeni jijini Nairobi kupinga Mswada wa Fedha. Hoja kwamba demokrasia ndiyo inayoziunganisha nchi hizi iliingia doa mapema. Kililana ilikuwa imeona zamani jinsi sauti ya wananchi inavyopuuzwa: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kinachoushikilia ushirika huu, basi, ni vita dhidi ya al-Shabaab huko Somalia zaidi ya demokrasia. Kinachoutikisa ni China. Rais Ruto alipozuru Beijing Aprili 2025 na kuisifu, haikupita miezi mingi kabla ya Seneta wa Marekani Jim Risch kupendekeza hadhi ya Kenya ichunguzwe upya. Nairobi haioni sababu ya kuchagua, maana gati na kambi zote inazihitaji.

Makubaliano ya 2023 yatakwisha 2028, mwaka mmoja baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Wamarekani nao wakiwa katika kampeni za kumchagua rais.