Jaribio Linapofeli: Nafasi ya Mwanaisimu katika Programu ya Usemaji wa Kiswahili

Makala haya yanatetea hoja moja: jaribio la programu linapofeli, huonesha kwamba matokeo na matarajio yanatofautiana, halioneshi upande upi umekosea.

Mfano wetu ni eSpeak NG, programu huria ya C inayogeuza maandishi kuwa sauti, iliyochipuka mwaka 2015 kutoka eSpeak ya Jonathan Duddington. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake, na wasioona huitumia kupitia NVDA. Programu hii ina majaribio yake.

Utatuzi huanza kwa kulitenga jaribio lililofeli na kuliendesha peke yake. Likifeli leo na kufaulu kesho bila msimbo kubadilishwa, kumbukumbu hushukiwa kwanza, kwa kuwa C haiizuii programu kusoma nje ya mipaka ya data. Hapo Valgrind husaidia. Likifeli kila mara, msimbo hufuatwa hatua kwa hatua kwa gdb.

Hata hivyo, tuchukue neno barabara. Likimaanisha njia, mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Likimaanisha sawasawa, huwa kwenye ya tatu. Iwapo matarajio ya “amefanya kazi barabara” yamenakiliwa kutoka matokeo yenye mkazo wa njia, kosa litafaulu, na atakayelisahihisha ndiye atakayefelishwa. Gdb haina uwezo wa kuamua hilo.

Kwa hiyo, matarajio yaidhinishwe na wanaisimu kabla ya kuhifadhiwa, na kila badiliko liandikiwe sababu.