Ramani ya Mabondeni: Wanafunzi Walioyapima Mafuriko ya Kinondoni

Mwanzoni mwa mwaka 2011, mtu aliyefungua ramani ya Dar es Salaam kwenye intaneti na kuitafuta Tandale aliona barabara chache kubwa na, katikati yake, eneo tupu. Soko la nafaka linalojulikana jiji zima, mashine za kusaga, misikiti, makanisa, zahanati na vichochoro vyenye maelfu ya watu havikuwemo. Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na vipokezi vya GPS na picha za setilaiti zilizochapishwa kwenye karatasi. Walizunguka na vijana wa palepale, na baada ya wiki chache kata ikaanza kuonekana: vichochoro, vyoo vya umma, vituo vya maji, mitaro na majalala.

Desemba ya mwaka huo mvua ilimwagika Dar es Salaam kwa kiasi ambacho, kwa maelezo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, hakikuwa kimeonekana tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa na maelfu wakapoteza makazi. Waliotolewa mabondeni walipelekwa Mabwepande, upande wa kaskazini wa Kinondoni. Maji yalipokauka likabaki swali ambalo ofisi nyingi hazikuwa na jibu lake kwa maandishi: yalifika wapi hasa, kwa kina gani, yaliingia nyumba zipi, na yalishindwa kupita kwenye mtaro upi?

Kulijibu swali hilo ikawa kazi ya wanafunzi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ulioziunganisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Halmashauri ya Jiji, Chama cha Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team. Watendaji wake wakuu walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na wa Chuo Kikuu Ardhi, vyuo viwili vya umma ambavyo wakati huo vyote vilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni, kabla Ubungo haijawa wilaya inayojitegemea. Awamu ya kwanza ilipita katika kata zaidi ya 20. Awamu ya pili, iliyopata fedha za Uingereza kuanzia 2017, ikapanua kazi hadi sehemu nyingine za jiji. Mamia ya wanafunzi waliifanya kama mafunzo kwa vitendo, ile "fildi" ambayo kila mwanafunzi wa shahada anaijua.

Wengi wanaousifu mradi huu huanza na droni zilizopita juu ya mapaa. Droni zilisaidia, lakini kitu kilichoupa uzito wa kisayansi ni kumbukumbu ya mkazi, iliyochukuliwa kama kipimo, ikahakikiwa, kisha ikaachwa wazi kwa kila mtu.

Kwa nini maji hayaondoki

Hesabu ya mafuriko huanza na jambo dogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu kwa siku moja ya masika, humwaga lita 5,000 juu ya nyumba yenye paa la mita 100 za mraba. Juu ya hekta moja ni lita 500,000, yaani tani 500 za maji zinazotafuta pa kwenda.

Ardhi yenye majani na mchanga ingenywa sehemu kubwa ya maji hayo. Bati, saruji, lami na udongo ulioshindiliwa kwa miguu havinywi. Katika Manzese, Tandale, Mwananyamala au Kigogo, ambako nyumba imegusana na nyumba, karibu kila tone hugeuka mtiririko. Mtiririko huo huelekea kwenye mito midogo kama Ng'ombe na Sinza, nayo huungana na Msimbazi unaoshuka kutoka vilima vya Pugu, kupita Kigogo na Jangwani, hadi baharini karibu na Daraja la Salenda. Bonde la chini ni tambarare, kwa hiyo maji hupoteza kasi, hutua mchanga na kuinua kitako cha mto. Bahari ikiwa imejaa wakati mvua inanyesha, mlango wa kutokea nao hupungua.

Mahali tambarare namna hii tofauti ndogo ya kimo huamua mengi. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kutofautiana kwa sentimita 40 tu, moja ikalala kavu na nyingine magodoro yakaelea. Ramani za zamani za topografia, zenye mistari ya kimo iliyoachana kwa mita nyingi, haziwezi kuona tofauti hiyo.

Jicho la juu na miguu ya chini

Hapo ndipo droni ilipoingia. Ndege ndogo yenye mabawa ilirushwa juu ya kata kwa mistari iliyo sambamba, ikipiga picha zinazopandana, kiasi kwamba kila paa lilionekana katika picha kadhaa kutoka pembe tofauti. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, fumba jicho moja kisha jingine: kidole kitaonekana kuruka, lakini ukuta wa mbali hautasogea sana. Kwa kanuni hiyohiyo, programu ya kompyuta hutafuta nukta moja katika picha nyingi, hupima imeruka kiasi gani, na kutoka hapo hukokotoa kimo chake. Nukta zikifika mamilioni, unapata picha ya kata nzima yenye urefu, upana na kimo.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya uvumilivu. Wanafunzi waliketi mbele ya kompyuta wakachora kila paa, mstari kwa mstari, na kuliingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri.

Hata hivyo picha ya angani ina upofu wake. Inaona paa, haioni kama chini yake kuna duka, darasa au vyumba sita vya wapangaji. Haioni kalvati lililoziba chini ya barabara wala mtaro uliofunikwa kwa mbao ili bodaboda zipite. Mwembe mmoja wenye kivuli kizuri unaficha nyumba mbili. Kwa hiyo baada ya kuchora ofisini wanafunzi walirudi mitaani na simu janja zenye fomu za kujaza: nyumba hii ni ya matofali au ya udongo? Kizingiti chake kina kimo gani? Mtaro huu una upana gani, kina gani, umejengwa kwa zege au umechimbwa tu, na umejaa mchanga kiasi gani?

Usahihi wa GPS ya simu nao ulikuwa fundisho. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na katika kichochoro chembamba chenye mabati pande zote mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kufika. Mita tano Tandale ni nyumba ya jirani. Mwanafunzi aliyetegemea simu peke yake angeweza kuuweka mtaro sebuleni kwa mtu, ndiyo maana kila kipimo cha simu kilihitaji kulinganishwa na picha ya juu na maelezo ya mwenyeji.

Mjumbe kama mtaalamu

Mwenyeji huyo mara nyingi alikuwa mjumbe wa shina, yule anayezijua kaya zake kwa majina. Mipaka ya mashina ilikuwa kwenye kichwa chake tu. Kata ina mipaka rasmi na mtaa una mwenyekiti na ofisi, lakini shina halikuwa na mchoro popote. Ramani Huria iliwakalisha wajumbe mbele ya picha kubwa za maeneo yao wakaonyesha shina linaanzia wapi na linaishia wapi. Taarifa ya dharura ikitakiwa kufika kaya kwa kaya, mpaka huo unafaa kuliko mpaka wa wilaya.

Wajumbe na wakazi wa siku nyingi waliulizwa pia maji yalifika wapi. Mwanasayansi mwenye haraka angeyaita majibu hayo hadithi. Lakini ukutani kuna alama ya tope, mlangoni kuna tofali lililoongezwa baada ya mvua, na mama mwenye nyumba anakumbuka maji yalifika kwenye meza au kwenye dirisha. Kimo cha meza kinapimika. Majirani kumi wakitaja kiwango kinachokaribiana, na alama za ukutani zikakubaliana nao, hiyo ni data. Mahali ambapo hakuna kifaa cha kupimia kina cha mto kilichofanya kazi miaka yote, ushahidi wa aina hii hukisahihisha kielelezo cha kompyuta kinachokadiria mafuriko, kwa namna ambayo setilaiti haiwezi.

Vipande hivyo vilipokusanywa viliingizwa katika InaSAFE, programu iliyobuniwa Indonesia kwa ajili ya maafa. Mantiki yake ni nyepesi kuieleza: weka tabaka la eneo linalofurika, juu yake weka tabaka la nyumba, shule, zahanati na barabara, kisha uliza vingapi vimeangukia ndani. Diwani au afisa wa manispaa anapata idadi na orodha ya mitaa badala ya sentensi ya jumla kwamba "wa mabondeni wameathirika".

Faida yake haikuishia kwenye mafuriko. Agosti 2015, miezi michache baada ya kazi kuanza, kipindupindu kilizuka Kinondoni na baadaye kikaenea karibu nchi nzima. Kutumia ramani dhidi ya ugonjwa huo si jambo jipya: London mwaka 1854, daktari John Snow aliweka vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya mtaa na kuona vimezunguka pampu moja ya maji. Njia hiyo inahitaji ramani ya mtaa iwepo kwanza. Ramani inayoonyesha visima, vyoo na mitaro inampa mganga mahali pa kuanzia.

Hofu ya alama nyekundu

Haikuwa rahisi kwa mwenye nyumba wa bondeni kumkaribisha kijana mwenye fulana ya mradi na kifaa cha kupimia. Desemba 2015, mwaka uleule wa kazi ya kwanza, bomoabomoa ilipita kando ya Msimbazi, ikiwemo Hananasif, na nyumba zikachorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Aliyeona tingatinga wiki iliyopita ana haki ya kuuliza ramani ni ya nani na itatumika kwa nini.

Swali hilo halijibiwi kwa teknolojia. Linajibiwa na uwazi: ramani ikiwa mikononi mwa wote, mkazi naye anaweza kuitumia kudai mtaro, kalvati au fidia. Kinondoni ina historia ya hilo. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, wakishirikiana na wataalamu wa chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu Ardhi na Shirika la Kazi Duniani, walishiriki kujenga mitaro na njia za mtaa wao. Tafiti za Profesa Alphonce Kyessi kuhusu ushirikishwaji wa wananchi katika miundombinu, na za Profesa Wilbard Kombe kuhusu ugawaji wa ardhi nje ya mfumo rasmi, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba makazi yanayoitwa holela yana utaratibu wake, wenye mjumbe na jirani kama mashahidi. Wanafunzi wa Ramani Huria walipobisha hodi kwa mjumbe kwanza, walikuwa wanafuata njia ambayo walimu wao walishaikanyaga.

Kilichobaki

Mbegu hiyo imeota kwingine. Zanzibar, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walitumia droni ndogo kupiga picha Unguja na Pemba. UDSM, Ardhi, SUZA na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Turku cha Ufini, viliunda Resilience Academy ili data hizi zitunzwe na zifundishwe vyuoni badala ya kupotea mradi unapofungwa.

Katika kutunza na kuhuisha data ndipo udhaifu mkubwa ulipo, kwa sababu jiji hubadilika haraka. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 na 5,383,728 katika sensa ya 2022. Mto Ng'ombe umejengewa kingo, nyumba zimebomolewa, nyingine zimeota, mitaro mipya imechimbwa na ya zamani imejaa tena takataka. Ramani iliyochorwa 2015 ikitumiwa leo bila kuhakikiwa itampeleka mwokoaji kwenye daraja lisilokuwepo. Ramani pia haizibui mtaro. Inaonyesha tu ulipoziba. Koleo na bajeti ni vya manispaa.

Kwa hiyo yapo mambo matatu ya kudai. Vyuo vikuu vihuishe ramani za kata kila mwaka kama sehemu ya masomo, bila kungoja mfadhili. Halmashauri ya Kinondoni ibandike ramani ya mafuriko katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, na mpango wa kuzibua mitaro kabla ya masika utokane nayo. Na wewe msomaji mwenye simu janja, fungua OpenStreetMap, utafute mtaa wako, uangalie kama mtaro unaopita nyuma ya nyumba umechorwa. Kama haumo, uongeze kabla mvua haijaanza.