Siti binti Saad na Kesi ya Kijiti

Jina la Siti binti Saad hutajwa kwanza kwa ajili ya sauti yake, kisha, kwa haraka, kwa ajili ya maneno aliyoyaimba. Utaratibu huo wafaa kugeuzwa. Sauti nzuri hazikuwa adimu Unguja. Lililokuwa jipya ni kwamba watu wa Ng'ambo walisikia habari zao wenyewe, kwa lugha yao, katika muziki uliohesabiwa kuwa pambo la jumba la Sultani.

Alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza hali ya wazazi wake. Mama yake alifinyanga vyungu, naye binti alivichukua mjini kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akajiunga na wanamuziki. Taarabu ya siku zile ilitumia Kiarabu, ambacho wasikilizaji wengi hawakukifahamu. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Alihifadhi mashairi kwa moyo. Katika kundi lake walikuwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Mbaruk Talsam, na tungo zao zilikuwa kazi ya baraza. Mtafiti atakayetaka kutenga kila ubeti na mtungaji wake atajisumbua bure.

Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, ambazo zilienea pwani yote. Hivyo malalamiko ya mtaa mmoja yakavuka bahari.

Wimbo wa Kijiti watosha kuwa mfano. Mwanamke mja mzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, alikwenda matembezini pamoja na wenzake, akauawa. Kijiti, aliyeshutumiwa, alitorokea bara. Mahakama ya wakoloni ikawatia hatiani wanawake wawili waliotoa habari, kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku ile. Aliyeua hakuadhibiwa, waliosema waliadhibiwa. Mtu wa Ng'ambo hakuwa na gazeti wala wakili wa kuipinga hukumu ya namna hiyo. Alikuwa na wimbo, nao ulimtaja mshutumiwa kwa jina. Ndiyo maana wimbo huu hauna budi kusomwa pia kama ushahidi, si kama burudani tu, ijapokuwa watu waliucheza.

Shaaban Robert alionana na Siti muda mfupi kabla ya kifo chake, Julai 1950. Wasifu aliouandika ulichapishwa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Humo Siti aonekana zaidi kuwa kielelezo cha juhudi na tabia njema, na hilo ni haki yake; lakini mwimbaji aliyewakosoa mahakimu hapewi nafasi inayomstahili. Nafasi hiyo ilihifadhiwa vinywani. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba wimbo wa Kijiti hata uzeeni, mbele ya watu ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa siku ya hukumu ile.