Pia ya Goti na Damu Yake: Yafaayo Kuulizwa Kabla ya Upasuaji

Maradhi ya magoti yamewafikisha wazee wetu wengi mahali ambapo ngazi za nyumba huwa mlima, na kusujudu huwa mtihani. Dawa na mazoezi yanaposhindwa, daktari bingwa wa mifupa huweza kushauri upasuaji wa kubadilisha goti: ncha zilizolika za mfupa wa paja na wa muundi huondolewa, zikavikwa vipande vya madini na plastiki ngumu. Familia huuliza gharama na siku za kulazwa. Ni wachache waulizao habari za pia ya goti, nasi tumeona yafaa tuzieleze.

Pia ni kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti. Kazi yake ni kama kapi la jahazi: misuli ya paja huvuta, pia huusaidia mvuto huo, na mguu hunyooka. Kifupa hiki huishi kwa damu iletwayo na mishipa midogo itokayo juu na chini, ndani na nje ya goti, ikaungana kuizunguka pia mfano wa kikuku. Kutoka kwenye kikuku hicho, vijishipa huingia mfupani kwa uso wa mbele na kwa ncha ya chini.

Ili kulifungua goti, mpasuaji aghalabu hupita upande wa ndani wa pia, na mishipa ya huko hukatika. Kwa wagonjwa wengi hilo halidhuru, kwani ya upande wa nje husalia. Hatari huzidi pale pia inapovutika kwenda nje, ikabidi utando wa upande huo ukatwe ili ilegee. Mshipa wa juu wa nje huweza kukatika pamoja nao. Na mafuta yaliyo nyuma ya kano, chini ya pia, yakiondolewa yote, njia ya chini nayo hudhoofika. Pia iliyokoseshwa damu huweza kufa baadhi yake, na hata kuvunjika baadaye pasipo kuanguka. Hayo hutokea kwa nadra, lakini yakitokea tiba yake ni nzito.

Mpasuaji mwangalifu ana njia za kujikinga. Huviweka vipande vya goti la bandia sawasawa, ili pia ipite katika njia yake bila haja ya kukata utando wa nje. Ikibidi kuukata, huutafuta ule mshipa na kuuhifadhi. Hupunguza mafuta kwa kadiri ya haja tu. Akiikata pia ili kuivika plastiki, huacha unene wa kutosha, aghalabu usiopungua milimita 12. Wengine hawaivishi kabisa; wataalamu wamekhitalifiana katika hilo.

Basi mnapomsindikiza mama au bibi kliniki, ulizeni kwa adabu: Je, pia itavikwa au itaachwa? Goti hili limewahi kupasuliwa? Mpasuaji ajue makovu yote ya zamani. Sukari idhibitiwe mapema, na mwenye kuvuta sigara aache, kwani vyote viwili huidhuru mishipa ya damu.

Baada ya upasuaji, asiyeweza kupiga magoti ana ruhusa ya kuswali kwenye kiti. Maumivu mapya mbele ya goti, au mguu kushindwa kunyooka, yasivumiliwe kwa subira ya nyumbani. Mgonjwa arejeshwe kwa daktari wake upesi.